Jumamosi Kwa Mama Sindano

Mtangazaji wa redio alipoingia na kinasa sauti chake, Mama Sindano alimwambia kabla hata hajakaa kwamba amekosea mlango.

"Mambo ya muziki muulize mume wangu, au wifi yangu. Mimi mpaka leo ukinifunga macho siwezi kukwambia ipi jazz na ipi blues. Wifi aliwahi kunieleza kwamba blues ni kulalamika kwa mpangilio, na jazz ni kubishana kwa adabu. Nikaridhika, sikuuliza tena."

Mtangazaji, binti mwenye miwani ya duara na haya kidogo, akacheka. "Lakini mama, klabu iliitwa kwa jina lako."

"Kwa sababu mlango ulikuwa wangu."

Hilo halikuwa na ubishi. Kwa miaka mingi wapenzi wa muziki huo waliagana Ijumaa kwa kuambiana, "Basi kesho Kwa Sindano," na Sindano mwenyewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sasa kile chumba chake kirefu cha kushonea, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kilikuwa kimeuzwa pamoja na duka lenyewe, walionunua wanataka kusimamisha ghorofa, na redio ndiyo imeamka. Ndivyo walimwengu tulivyo: kitu tunakitafutia habari zake kikishavikwa sanda.

Mama Sindano aliondoa rundo la vitambaa kwenye kiti, akamkaribisha mgeni, kisha akarudi kwenye pindo alilokuwa akilipiga. Mikono yake haikujua kukaa bure mdomo ukifanya kazi peke yake.

"Klabu haikuanza kwa sababu ya muziki," akasema. "Ilianza kwa sababu ya meno."

Enzi hizo mumewe aliitwa Pumzi. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi iliyotumbuiza kwenye hoteli moja karibu na stesheni ya reli, na jina alilipata kwa kuwa aliweza kushikilia sauti moja mpaka wahudumu wakasimama na trei mikononi, wakingoja waone ataishia wapi. Alikuwa na maringo ya mtu anayeijua kazi yake. Hata suruali alijipigia pasi mwenyewe, kwa maelezo kwamba mke mshonaji kazi yake ni kuunganisha nguo, kuzinyoosha ni elimu nyingine.

Asubuhi moja akiwa juu ya baiskeli, mlango wa gari lililoegeshwa ukafunguliwa mbele yake ghafla. Mkono haukuvunjika, mguu haukuvunjika. Majirani waliokuja kumpa pole wakasema amshukuru Mungu, ni meno ya mbele tu.

Meno tu. Kwa mpiga tarumbeta, ni sawa na kumwambia mkimbiaji ashukuru, imekwenda miguu tu. Daktari wa meno alimtengenezea ya bandia, yakakaa vizuri, akawa anatafuna na kutabasamu kama kawaida. Lakini alipoiinua tarumbeta, pumzi ilivuja pembeni kama pampu iliyopasuka mpira, na sauti iliyotoka ilimfanya binti yao mdogo aulize kama kuna mbuzi nje. Hakuna aliyecheka. Pumzi aliifuta tarumbeta taratibu, akaizungushia blanketi, akaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Tangu hapo akawa mtu wa kutazama ukuta. Alipata kazi ya kutunza stoo kwenye kiwanda cha rangi, akawa anakwenda na kurudi, na akirudi anakaa ukingoni mwa kitanda kana kwamba ukuta ule umeandikwa kitu anachokisoma yeye peke yake. Hakugomba, hakulewa, hakulalamika. Mama Sindano angeshukuru hata ugomvi, maana mtu anayegomba una pa kumshikia.

"Nilikuwa na mume," alimwambia mtangazaji, "lakini ilikuwa kama kaondoka kaniachia koti lake ndani."

Wifi yake, dada mkubwa wa Pumzi, alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito, na kazi ilikuwa imemzoesha kusema na kila mtu kama anamhimiza asukume. Naye aliliona tatizo hilo.

"Wifi, ndugu yangu hana ugonjwa wa kupelekwa hospitali," alisema siku moja, wamekaa barazani wakikunja nguo. "Huyu anakufa kiu huku maji anayaona."

"Sasa tufanyeje?"

"Ningejua nisingekuwa nakunja nguo."

Jibu lilikuja kwa njia ambayo hawakuitazamia. Ile hoteli ilipata mwenyewe mpya, mwenyewe mpya akanunua mashine ya kupiga santuri, ambayo haili wala haiombi likizo, na bendi ikaonyeshwa mlango. Mpiga gitaa wao, bwana mmoja mwembamba waliyemwita Nyuzi, akaja kumwomba Mama Sindano awahifadhie vyombo kwa muda: ngoma, vipaza sauti, na besi kubwa ya mbao yenye kimo cha mtu mzima. Mama Sindano alivitazama vile vyombo vikiwa vimesimama katikati ya vyerehani vyake kama wageni waliofika siku isiyo yao, na hapo akapata wazo.

"Vitakaa," akamwambia Nyuzi. "Lakini kila Jumamosi alasiri mtakuja kuvipiga humuhumu. Na atakayekanyaga nguo za watu tutaonana wabaya."

"Shemeji, humu? Katikati ya sketi?"

"Sketi hazina masikio."

Nia yake aliijua mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara, na dirisha la chumba cha kulala lilitazamana na mlango wa chumba cha kushonea. Kama Pumzi hataki kuufuata muziki, basi muziki utamfuata yeye kitandani.

Wakaja, wakapiga. Na kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku wazazi walipokuja kuchukua sare, mtu aliingia kufuata kaptula ya mwanawe, akasimama kidogo mlangoni, akajikuta ameketi juu ya robota la kitambaa, akaenda zake jioni na kaptula ameisahau. Wiki iliyofuata akarudi kuifuata, na safari hii amemleta kaka yake. Mama Sindano akaisogeza meza ya kukatia ukutani. Akaazima viti shule ya jirani, ambayo haikuweza kumnyima kwa jinsi alivyowavisha wanafunzi wake. Chai ikachemshwa kwenye jiko lilelile lililopasha pasi. Sanamu za kupimia nguo zilisimama nyuma ya bendi kwa kuwa hazikuwa na pa kwenda, moja imevaa sketi ya bluu, nyingine haina kitu, na wageni wakadhani ni mapambo ya kisasa. Hivyo ndivyo klabu ilivyozaliwa, bila mtu kukaa na kuamua, kama mimba ya utu uzima.

Wote walikuja isipokuwa aliyekusudiwa. Mkewe alipomwita, Pumzi alijibu bila kugeuza shingo.

"Mwenye njaa humpeleki jikoni akanuse."

Akalifunga dirisha. Alilifunga hata siku za joto kali, akakaa mle ndani kama mkate kwenye tanuri.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mpiga besi alipopata kazi mji mwingine. Yeye aliondoka, besi ikabaki, maana hakuna basi lililokubali kuibeba. Jumamosi iliyofuata bendi ilijaribu bila yeye, ikawa kama nyumba iliyong'olewa sakafu: kila kitu kiko mahali pake lakini vyote vinaonekana vinadondoka. Nyuzi akaweka gitaa chini.

"Tuache, jamani. Tusubiri tupate mtu."

"Mtu yupo," akasema Mama Sindano. Akaichomoa kastabini kidoleni, akaitia mfukoni, akaenda kusimama nyuma ya besi.

Nyuzi akamtazama. "Shemeji, umewahi kuigusa hata siku moja?"

"Naipangusa vumbi kila asubuhi. Haya, anzeni."

Heshima ni kitu cha ajabu. Watu wazima wale wakaanza. Mama Sindano akaikumbatia besi kama anayemzuia mlevi asianguke, akazivuta nyuzi kwa nguvu zote za mkono uliozoea kukata kitambaa kigumu. Kilichotoka hakikuwa jazz wala blues. Mpiga ngoma akapotea njia, akarudi, akapotea tena. Wageni wakatazama chini kama watu waliomfumania jirani akioga. Wifi, aliyekuwa amepitia hapo kutoka zamu, akafunika uso wote kwa kanga na mabega yakawa yanatikisika. Lakini Mama Sindano hakuacha. Jasho lilimtiririka, na macho yake yalikuwa mlangoni.

Ng'ambo ya barabara dirisha likafunguka. Likafungwa. Kisha mlango wa nyumba ukafunguka na Pumzi akavuka barabara amevaa fulana ya ndani na kandambili za kuogea. Akaingia, akasimama katikati ya viti.

"Nani anaitesa hiyo besi?"

"Mimi," akasema mkewe. "Una la kusema, njoo ulisemee huku."

"Wenzako wako mtaa huu, wewe uko mtaa wa pili."

"Nionyeshe njia, basi."

Pumzi alisita. Kisha akapita kati ya viti, akaweka vidole vyake juu ya vidole vya mkewe, akavisogeza chini kidogo, akavuta uzi. Sauti moja ikatoka, nene, iliyotulia, ikakijaza chumba mpaka kwenye mabati. Akavuta nyingine.

"Umesikia tofauti?"

"Hapana," akajibu Mama Sindano, na alikuwa mkweli kabisa.

"Hebu sogea."

Akasogea. Pumzi hakumrudishia ile besi alasiri hiyo, wala siku nyingine yoyote. Alikuwa amesimama mbele ya besi maisha yake yote, akiisikia mgongoni. Vidole havikujua, lakini sikio lilijua kila hatua inapopaswa kukanyaga. Alikosea sana. Ngozi ya vidole ilichubuka, mkewe akamfunga vitambaa, akaendelea. Jumapili aliamka mapema akaomba ufunguo wa chumba cha kushonea, na mkewe akaukabidhi kama mtu anayekabidhi chumvi, asionyeshe kitu usoni.

"Mama, kwani ulifanya makusudi?" mtangazaji akauliza.

Mama Sindano akakata uzi kwa meno. "Mwanangu, nilipiga kwa uwezo wangu wote. Huo ndio uliokuwa uwezo wangu."

Akaligeuza pindo, akaanza upande wa pili.

"Lakini usije ukatangaza kwamba alipona siku ile," akasema baadaye kidogo. "Kidonda hakiponi kwa kuhama chumba."

Maana klabu ilihitaji tarumbeta, na kuna aliyekuja nayo. Alikuwa askari magereza, pande la mtu, mpole kama maziwa, aliyepiga kwenye bendi ya gwaride la magereza. Walimwita Afande. Aliomba nafasi kwa sauti ndogo sana isiyolingana na kifua kile, na alipopiga, alipiga kana kwamba anawaamuru wimbo na wasikilizaji wapange mstari. Nyuzi alimwambia alegeze kidogo. Afande akajitahidi kulegeza, akalegeza kwa ukakamavu uleule.

Pumzi alisimama nyuma na besi yake, na kila Afande alipoinua tarumbeta, yeye aliangalia pembeni. Mkewe aliona. Alimwona pia nyumbani, jioni, midomo yake ikifuata wimbo bila sauti, ikijikaza na kulegea, kama mtu anayezungumza na marehemu. Watu walimwomba amfundishe yule askari. Akasema hajui kufundisha. Afande mwenyewe alikwenda mpaka stoo ya kiwanda cha rangi kumsihi, akarudi na jibu hilohilo.

Kisha ikaja Jumamosi ya wifi.

Watu wote walijua wifi anaimba, lakini wimbo wake ulikuwa wa kwenye beseni la kufulia, na ukimwambia apande mbele anakuuliza kama unamdai kitu. Siku hiyo aliingia klabu akiwa bado na viatu vya kazini. Hakumsalimia mtu. Alisimama kando ya meza ya chai, akakikataa kiti alichopewa.

"Wifi, kuna nini?" Mama Sindano akamwuliza.

"Nimempoteza mama wa watu asubuhi," akasema. "Mtoto mzima, analia vizuri. Mama kaondoka mkononi mwangu. Nimetoka kumweleza mumewe." Akalisogeza birika kando. "Sitaki kwenda nyumbani. Mwambie Nyuzi apige kitu cha polepole."

Nyuzi akaanza polepole. Pumzi akaingia na besi, chini kabisa, kama mtu anayetembea asimwamshe mgonjwa. Wifi akafumba macho, na pale pale alipokuwa, karibu na birika, akaimba. Maneno hayakuwa mengi. Alimwimbia yule mtoto: kwamba umefika, kwamba karibu, kwamba aliyekuleta alikuwa na mikono ya moto na alikuuliza jina kabla hajalala. Alirudia, akarudia, na kila aliporudia sauti ilipanda kidogo, halafu anaacha nafasi mwishoni, kimya, kama anayeuliza kitu akangoja.

Nafasi ile ilikuwa ya tarumbeta. Hata Mama Sindano, asiyejua kitu, aliisikia. Watu wakamgeukia Afande, na Afande alikuwa amekaa mikono mitupu. Tarumbeta aliyokuwa akiipiga ilikuwa mali ya magereza, na wiki hiyo bendi ilikuwa imekusanya vyombo vyake vyote kwa safari ya gwaride. Akainamisha kichwa.

Wifi akaimba tena, akaacha nafasi tena, na hakuna aliyemjibu.

Pumzi akailaza besi ubavuni. Akatoka. Wengi walidhani imemshinda, maana yule anayeimba ni dada yake. Nyuzi akaendelea peke yake na gitaa, wifi akaendelea. Mama Sindano akasimama mlangoni, akamwona mumewe akiingia nyumbani, na kupitia dirisha lililokuwa wazi akamwona anapiga magoti kando ya kitanda.

Alirudi na tarumbeta bado imo kwenye blanketi. Akalifungua, akaipangusa kwa fulana yake, na kwa muda mfupi akaishika kama zamani, vidole vimekaa mahali pake. Halafu akampa Afande.

"Usimwamuru," akamwambia. "Huyo ni dada yangu. Mjibu."

Afande akaipokea kwa mikono miwili. Wifi alipofika mwishoni na kuacha nafasi, akainua, na wasikilizaji wakangoja gwaride. Halikuja. Ilikuja sauti ndogo, yenye kutetemeka kidogo, ya mtu mkubwa anayeogopa kuvunja kitu. Pumzi alikuwa ameshaichukua besi yake. Afande alipomaliza, akamtazama, na Pumzi akatikisa kichwa kwamba ndiyo, endelea, ndiyo hiyo.

"Akaanza kumfundisha kesho yake," Mama Sindano alisema. "Akawa mkali kama pilipili. Yule askari, aliyezoea kuwaamrisha watu wazima, alikuwa akigongwa bega kwa rula yangu ya kukatia nguo. Na mume wangu akaanza kunigombeza nyumbani kuhusu chumvi, kuhusu watoto, kuhusu kila kitu. Nikajua sasa amerudi."

Mtangazaji alikuwa amevua miwani anaifuta. "Na yule mtoto?"

"Mtoto yupo. Baba yake alikuwa akimleta kila mwaka ili wifi amwone. Sasa hivi ni fundi umeme, mwanamke mzima, anatuwekea taa kule tunakohamia. Umechelewa kidogo, wamekwenda wote asubuhi. Kama una nafasi twende, nina kazi huko."

"Kwa hiyo klabu haifi?"

"Nani amekwambia inakufa? Kinachobomolewa ni chumba. Chumba chenyewe kilikuwa kinavuja."

Wakatoka, Mama Sindano mbele na kikapu chake. Mahali papya palikuwa ghala la zamani la viazi nyuma ya soko, refu kupita kile chumba cha kwanza, lenye madirisha makubwa na sakafu iliyofagiliwa lakini ingali na harufu ya udongo. Wifi, ambaye sasa alikuwa mstaafu na fimbo yake, alikuwa ameketi juu ya sanduku akimwelekeza fundi umeme kazi ambayo fundi umeme aliijua. Afande, mvi kichwani, alikuwa juu ya ngazi. Pumzi alisimama katikati ya ghala, akapiga makofi, akasikiliza, akapiga tena.

"Linajibu kabla hujamaliza kuuliza," akalalamika alipomwona mkewe. "Tukipiga humu itakuwa vurugu. Mwangwi mtupu."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Na huyu binti?"

"Wa redio. Anataka habari zetu."

"Mwambie aje Jumamosi asikilize, habari zenyewe hazisimuliki."

"Keshasimuliwa. Ondoka hapo katikati."

Mama Sindano akatoa futi kikapuni, akatazama madirisha, akapima kwa macho kwanza. Kisha akampa mtangazaji ncha moja ya futi.

"Shika hapo juu, mwanangu, wewe mrefu. Mapazia mazito yakikaa, mwangwi utapungua. Usilegeze."

Binti akaweka kinasa sauti chini, akapanda juu ya kreti, akashika. Mama Sindano akashuka na futi mpaka chini, akasoma, akaguna.

"Kitambaa nilichonacho hakitoshi hata nusu."

"Tuzibe madirisha mengine kwa mbao?" Afande akauliza kutoka ngazini.

"Thubutu. Muziki usipotoka nje, mtaani watajuaje kama tumefungua? Tutaongeza kitambaa. Haya, mwanangu, dirisha linalofuata."